Shamba Yako ya Masaka Imeota Majani

Mama Aline, mke wangu,

Ulikufa. Tukakuzika. Siku za kilio hakuna jirani alishika jembe, kama desturi. Kilio ikaisha, kila mtu akarudi shamba yake. Mimi nilirudi kazi yangu Nyarutarama, kukata majani kwa bustani ya patron, bosi wangu. Masaka sikurudi.

Shamba yako imeota majani. Maharage haionekani. Mwenye shamba, yule alikukodisha, alinipigia simu: nisipolima kabla ya mvua, anampa mtu wa kujenga nyumba. Nilisema sawa, ampe. Nimechoka, Mama Aline. Jembe yako iko nyuma ya mlango. Naiona, napita.

Hata mimi nimeota majani. Unakumbuka ulinikuta namna gani. Naingia na matope, sisalimii, nashika sahani. Ukasema mbele ya dada zako, "Simama. Nawa. Salimia watu. Huyu bado sijamaliza kumlima." Walicheka mpaka mimi nikacheka. Miaka yote, nikipiga kelele, wewe: "Majani imetoka tena." Nanyamaza.

Juzi patron alisifu mgeni wake, ati ni mtu kiltive. Nikauliza dereva, kiltive ni nini? Akasema, "Kifaransa hiyo, mzee. Shamba iliyolimwa ni kiltive. Na mtu mwenye adabu na akili, ni kiltive vilevile." Nikasema hiyo ni neno ya mke wangu. Nikataka kufika nyumbani haraka nikuambie. Nilikuwa nimeshapanda moto, ile pikipiki ya abiria, ndipo nikakumbuka.

Siku hiyo jirani yetu Mama Zuhura alileta mbegu ya maharage, ya shamba yako. Nilipokea mlangoni, nikafunga. Hata asante hapana. Aline aliona. Binti yako hana kelele, unamjua. Alisema tu, "Papa, umeota majani."

Sauti ilikuwa yako.

Leo nimenyoa. Nimevaa shati ile ulinunua kwa soko ya Kimironko. Nimeenda kwa Mama Zuhura, nimesalimia, nimekaa, nimekunywa chai yake. Akasema, "Kumbe iko mtu humo ndani! Nilidhani mkeo alienda naye." Nimecheka. Imeuma.

Halafu nimempigia mwenye shamba, nimesema nalima. Amesema atakuja kuona na macho yake. Aje. Ile maharage ya kwanza sijui kama itapona. Hii ya Mama Zuhura nitapanda, na Aline atakula mboga yake. Na mimi nitajilima, polepole. Sina mkono kama wako.

Pumzika, Mama Aline. Kesho narudi kwa kazi yako.