Ng'ombe wa Gati

Nyarero, Jumanne, 9 Septemba

Chuo kimenikubali, halafu barua pepe hiyo hiyo inasema ufadhili hakuna. Nithibitishe ada kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nimeshaomba kila mahali nilikosikia. Naanza kuamini kwamba utafiti wangu wa zebaki kwenye visima vya huku haumhusu mtu, isipokuwa sisi tunaoyanywa hayo maji.

Baada ya chakula nilimweleza baba. Akasema kuna watu wa Kenyamonta wamemuulizia mdogo wangu, Gati.

"Kwa mila yetu ng'ombe wa dada ni wa kaka yake kuolea. Wewe wauze usome. Mke atasubiri."

Alisema kama mtu anayenitolea mwiba mguuni. Gati amemaliza kidato cha sita juzi tu. Anataka uuguzi, tangu mdogo anataka uuguzi, na baba analijua hilo.

Nilitoka nje kwa hasira. Gati alinikuta zizini. Kumbe alikuwa jikoni, amesikia yote.

"Kaka, mimi nitakubali tu. Angalau mmoja wetu asome."

Hakulia. Afadhali angelia.

Nilitakiwa kusema hapana pale pale. Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni, nimelibeba tangu mezani kwa baba. Lakini nilipofungua mdomo nilimuuliza kama amesikia wataleta ng'ombe wangapi.