Moyo Uliouona kwenye Simu Yako

Kaka,

Nakusalimu kwa kuwa Baba alitulea tusalimiane hata tukiwa tumenuniana. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Huku Baba ni mzima, anakula na kulala vizuri. Hali yangu nitakueleza mbele, maana wewe huna mazoea ya kuiuliza. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi.

Nianze na ile siku ya dukani. Daktari alisema Baba atembee kila siku baada ya ule ugonjwa wake wa moyo, basi. Ni wewe uliyeamua kutembea kwake kupimwe. Muuzaji alituwekea mezani kidude cha kuhesabu hatua, cha kubana kwenye mshipi, chenye tarakimu kubwa, na ile saa. Pia alisema ipo programu ya bure ya kuweka kwenye simu. Baba alichagua kidude cha mshipi, akasema tarakimu zake anaziona bila miwani. Ukamkatiza kutoka kwenye simu yangu, ukasema hicho ni cha kizamani, hakimpelekei mtu habari yoyote. Ulitaka saa, ili hatua zake na mapigo yake uyaone huko uliko. Na mimi ukanijumlisha humo humo: "Nijue pia kama huyo anamtembeza mzee au anamwacha kwenye kiti." Simu ilikuwa kwenye spika. Muuzaji aliinamisha macho, akajifanya anafuta kioo.

Baba aliivaa saa yako siku tisa. Ngozi ilimwasha, kioo kilivikataa vidole vyake, na kila alipokaa ilimtetemekea mkononi ikimwamuru asimame. Alivumilia. Siku ya kumi iliishiwa chaji asubuhi, nikaichomeka ukutani. Jioni ukaandika kwenye kundi la familia, mbele ya baba wadogo na mashangazi, kwamba mzee ametembea hatua mia nne tu, amekaa kama gunia, na anayeishi naye amelala. Baba aliusoma ule ujumbe kwa macho yake. Mtu aliyepeleka barua kwa miguu, nyumba hadi nyumba, miaka thelathini na moja! Aliniambia nikueleze kwamba yeye si mzigo wa kufuatiliwa njiani. Sikukueleza.

Wiki iliyofuata hatua zikapanda, zikafika elfu kumi na moja kwa siku. Ukaandika, "Mnaona? Mzee akisimamiwa anaweza." Baba mdogo akakusifu kwa busara zako.

Halafu ikaja Jumanne ile. Ulinipigia saa nne asubuhi, mimi nikiwa kazini ghorofa ya nne na ndoo yangu ya kupigia deki. Hukusema hata hujambo. Uliniuliza nimemfanya nini Baba, kwamba saa inaonyesha moyo wake unakimbia na kuruka ovyo, na kwamba akifa nisikuite kaka tena. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, jasho la baridi linanitoka, kifua kinapapatika kama kuku aliyefungwa miguu. Kwa siku mbili nilikuwa nimejidanganya kwamba ni uchovu.

Nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani. Nilimkuta Baba anapaka rangi lango, anapiga mluzi. Aliponiona usoni, brashi ilimponyoka.

Kaka, saa nilikuwa nimeivaa mimi. Tangu jioni ile uliyomwita gunia, Baba hakuigusa tena, nami nikaifunga mkononi mwangu ili uone namba utupumzishe. Hatua zote ulizojivunia ni zangu, nikipandisha maji na kuteremsha takataka. Saa ilikuandikia kwamba Baba amepanda ghorofa arobaini kwa siku. Nyumba yetu haina ngazi hata moja, na hukujiuliza.

Nilikudanganya, nakiri. Lakini moyo uliouona kwenye simu yako ulikuwa wangu. Baba alinishika mkono, akanibebea mkoba hadi hospitali, akanifungia viatu nilipoteremka kitandani baada ya kubandikwa nyaya kifuani. Daktari alisema mapigo yangu hayana mpangilio, na ningechelewa, damu ingeganda ikanipoozesha. Nimeanzishiwa dawa.

Jioni ulipiga, ukauliza kama mzee ana nafuu. Nikasema mzee ni mzima. Ukakata. Kisha ukatangaza kwenye kundi kwamba saa uliyoichagua wewe imemwokoa Baba, na kama ungetuachia sisi tungemzika. Ni kweli, saa yako imeokoa mtu. Mtu huyo alikujibu simu jioni ile, na hukumuuliza anajisikiaje.

Saa sikurudishii, daktari kasema niendelee kuivaa. Ila simu yako nimeitenganisha nayo, hutaona tena kitu. Ukitaka kujua Baba ametembea kiasi gani, mpigie yeye mwenyewe umuulize kwa adabu. Anatembea kila asubuhi hadi kwa kinyozi, rafiki yake, wanabishana weee, halafu anarudi. Na yale uliyoyaandika kwenye kundi, yarekebishe mwenyewe. Nakupa hadi Jumapili. Ikipita kimya, barua hii nitaiweka pale, neno kwa neno, na baba mdogo aisome.

Msalimie sana wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda. Wewe nimeshakusalimu pale mwanzo, inatosha.

Ni mimi,
Mdogo wako wa kike