Bolti ya Pikipiki ya Masanja

Baba Kabula,

Bolti imetoka. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana ungekuwa hai ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kuuliza hali yangu wala ya mtoto. Ile ile ya pikipiki ya Masanja, ya egzosi, upande wa kulia, iliyokufanya ujitoboe kiganja. Imetoka nzima, haikukatika. Nina hasira na wewe mpaka kalamu inatoboa karatasi, na kama mwandiko ni mbaya usisingizie kisomo cha watu wazima ulichokuwa ukikicheka. Ni hasira.

Unaikumbuka siku ile? Mimi naikumbuka mpaka sufuria niliyokuwa naisugua. Masanja alifika asubuhi kutoka Nyarugusu, pikipiki inanguruma Buseresere nzima inasikia, moshi unavujia pale bomba la egzosi linapokutana na injini. Ukataka kulifungua bomba uweke gasketi mpya ya kuzuia moshi. Bolti ya kushoto ikakubali. Ya kulia ikagoma. Ukachomeka bomba kwenye mkono wa spana upate nguvu, ukavuta, kichwa cha bolti kikalika kikawa mviringo.

Hapo ndipo nilipokwambia habari ya nta. Nilikwambia kwamba baba yangu, mrina asali wa Ushirombo, pedeli ya baiskeli yake ikishikwa na kutu huipasha moto akaigusisha nta ya nyuki, nta inayeyuka na kuingia yenyewe kwenye meno ya bolti. Kesho tena, keshokutwa tena, mpaka kutu inaachia. Ukamgeukia Masanja ukasema, "Huyu anadhani hapa ni mzingani." Mkacheka wote wawili. Mimi nikarudi kwenye sufuria zangu, na kurudi kule nako kunanikera mpaka leo.

Ukachukua patasi na nyundo. Patasi ile yenye kutu iliyokuwa ikilala chini kwenye mavi ya kuku. Pigo la tatu ikateleza ikazama kiganjani. Ukafunga jeraha kwa kitambaa cha kufutia grisi! Kitambaa cha grisi, Baba Kabula. Nikakwambia twende zahanati ukachomwe sindano. Paa la zahanati linaonekana ukisimama mlangoni pa gereji yako. Ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Ukanijibu, "Sindano ni za watoto. Mimi na kutu tumezoeana." Kesho yake nikasema tena. Siku ya tatu nikasema tena, ukanifokea mbele ya wateja.

Siku ya nane uji ulikushinda kumeza. Taya zikafunga. Tabibu akasema pepopunda, akasema umechelewa, na tukakubeba kwenye lori la pamba kukupeleka hospitali huku mgongo umepinda na lori kila likiruka shimoni unakakamaa upya. Ulikuwa unanitazama. Akili zako zilikuwepo zote, na huwezi kusema. Siku ya kumi ukafa. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Sikiliza sasa ulichotuachia.

Tulipomaliza kukuzika, kaka yako Maganga alikwenda kwa mpiga ramli. Akarudi siku ya tatu na jibu: bolti ile imefungwa na mkono wa mtu, na huyo mtu ni Bibi Nyanzala, mama yake Masanja. Eti alimtuma mwanawe alete pikipiki iwe mtego. Ushahidi wao ni kwamba macho yake ni mekundu. Bibi wa watu amepikia kuni tangu hajaota matiti, macho yawe meupe yamekuwa ya nani? Karanga alizoleta msibani wakazimwagia kuku. Masanja akakimbilia machimboni kwa hofu. Ikakatwa kauli kwamba siku ya kumaliza matanga, mwezi mmoja baadaye, mama yule afukuzwe na nyumba yake ichomwe moto.

Nilimwambia Maganga, shemeji, mdogo wako ameuawa na jeraha na ukaidi. Akanijibu, "Mafundi wote wanajikata. Mbona wengine hawafi?" Akasema pale uani, watu wote wanasikia, kwamba hakuna mwanaume atakayeigeuza bolti ile. Na kweli hakuna aliyejaribu. Fundi mwenzako wa kule sokoni nilimtumia ujumbe, akasema yeye ana watoto.

Basi nikaamua kuifungua mwenyewe.

Kwa kuwa waliiogopa, nilipata nafasi. Pikipiki ilikuwa nyuma ya gereji, imefunikwa turubai, hata watoto hawapiti karibu. Kila asubuhi niliaga naenda kumwaga majivu. Chini ya majivu nilificha makaa na kipande cha nondo, na donge la nta ya baba nililifunga kwenye kanga. Kwanza nilichukua tupa yako nikakichonga kile kichwa ulichokiharibu, pande mbili, taratibu, mpaka spana ndogo ikapata pa kushika. Halafu nondo kwenye makaa mpaka inakuwa nyekundu, naibana kwenye bolti, nahesabu mpaka mia, naitoa, nagusisha nta. Ikanywa! Bolti ilikuwa inainywa ile nta, naiona inapotea. Harufu yake ikanitoa machozi ambayo sikuyatoa makaburini. Nagonga kidogo kwa nyundo, kidogo tu, naondoka. Siku ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Siku ya nne nilitaka kuivuta kwa nguvu, nikasikia kiburi chako kimeniingia mikononi, nikaitupa spana chini.

Siku ya sita ikalia krii, ikasogea robo mzunguko. Nikaacha hapo hapo. Nikafunika turubai nikaenda kupika.

Siku ya matanga watu walijaa. Bibi Nyanzala alikuja mwenyewe, hakuburutwa. Alikaa ukutani, na miguuni ameweka kifurushi cha nguo, kimeshafungwa. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na sauti yangu ilikuwa peke yake. Maganga akasimama, akaanza tena habari ya mkono wa mtu. Nikaivuta pikipiki mpaka katikati ya uwanja, nikatoa turubai. Watu wakarudi nyuma. Nilifikiri kuifungua mimi. Nikaona hapana, watasema mjane naye mchawi. Nikamkabidhi Maganga spana: "Shemeji, umesema hakuna mwanaume. Wewe ni mwanaume. Igeuze."

Asingeweza kukataa mbele ya ukoo. Akazungushia mkono pindo la shati, akaikamata, akavuta kwa nguvu zake zote kama anayeng'oa kisiki. Karibu aanguke, Baba Kabula, kwa sababu ilizunguka. Ilizunguka kwa wepesi! Mizunguko ya mwisho akamalizia kwa vidole. Akaiweka kiganjani, pale pale kwenye kiganja ulipoumia wewe, akaitazama. "Ni kutu," akasema. "Ni kutu tu." Akaketi chini akakulilia kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Mimi sikulia. Nilitaka kumpiga. Siku sita za nta! Wewe ulichukua siku kumi kufa, na siku saba za mwanzo ungeweza kwenda zahanati na kurudi mara mia.

Bibi Nyanzala alisimama, akachukua kifurushi chake, akaenda nyumbani. Nyumba ipo, na yeye yumo. Lakini hakuna aliyemwomba radhi mpaka leo, wala Maganga, na wapo bado wanaovuka barabara wakimwona. Hilo nalo nimekuandikia kwenye hesabu yako. Mwezi mzima mama wa watu hakulala usingizi kwa sababu fundi alichekelea nta.

Masanja alirudi. Nilimtilia bolti mpya, nikaipaka nta kabla ya kuikaza. Safari hii hakucheka mtu.

Kabula alijikata mguu kwa jembe wiki iliyopita. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati damu haijakauka. Akalia kwa sindano, akanipiga mateke, akauliza kwa nini baba hakuchomwa. Nikamwambia baba alikataa. Sitamdanganya mwanao, hata kwa ajili ya jina lako. Na nakuahidi hivi: mtu yeyote atakayejikata mbele ya macho yangu, awe mtoto awe mzee, awe shemeji yangu mwenyewe, ataiona ile zahanati hata kama ni kwa kuburutwa. Nilikubembeleza wewe siku tatu. Sitambembeleza mtu tena.

Kwaheri, mume wangu. Sijamaliza kukukasirikia. Nikimaliza nitakuja makaburini na asali ya Ushirombo, tukae. Nta iliyobaki nimezipaka spana zako, moja moja, na ile patasi pia, zisipate kutu.

Mama Kabula