Usiuze Shamba la Mofu kwa Alama Zangu

Amsterdam, Uholanzi

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na ile dawa ya kuchua bado ipo? Mimi ni mzima, ila mvua ya huku ni manyunyu ya kutwa, haijui hata kupiga ngurumo.

Kaka Deo alinipigia simu juzi. Anasema umepata mteja wa shamba la Mofu, na hela unataka kununulia hisa za ile kampuni ya mbao ya Dar, kwa sababu ofisi yetu imeipa alama za juu. Eti ulimwambia, "Kama msahihishaji ni Yusta wangu, mimi nina wasiwasi gani?" Nilicheka, mama, halafu nikakosa hamu ya kula.

Kazi yangu ni kuangalia kampuni inatunzaje mito na misitu, inawatendeaje wafanyakazi, wakubwa wake ni waaminifu kiasi gani. Basi. Kama hisa zitapanda au zitashuka, alama hazisemi. Nimeona kampuni zenye alama nzuri zikipanda, na nimeona zinazochafua mito zikiwapa wenye hisa faida nono. Hata sisi wasahihishaji hatuelewani. Hiyohiyo ya mbao, ofisi nyingine imeipa alama za chini. Ni kama wewe na shangazi Leokadia mlivyokuwa mkitafuna punje za mpunga mmoja, wewe unasema umekauka, yeye anasema bado.

Tena sifa ikishajulikana, huwa imeshaingia kwenye bei. Mchele wetu unanukia na kila mtu pale Ifakara anajua, kwa hiyo anayeununua ananunua ghali tangu mwanzo. Faida yake haiji kwa sababu unanukia.

Lakini nisijifiche nyuma ya maneno ya ofisini. Nalikumbuka lile shamba hadi naumia. Mpunga ukianza kuzaa tulikuwa tunahamia dunguni, tunapiga madebe kufukuza ndege, na wewe unaimba ili tusisinzie. Jioni kambale wa kubanika, moshi umejaa machoni, baba anatutania kwamba ndege wamekula kuliko sisi. Mwaka ule mto ulipofurika, wewe ulinibeba mgongoni, nikaona raha tupu, sikujua kwamba unaogopa. Huku maji yamezuiwa kwa kuta, hayathubutu kuvuka barabara. Ni pazuri, ila nikiwaza nyumbani siwazi kitu kingine, nawaza pale.

Miguu ikichoka, mwachie Deo alime, au likodishwe kwa msimu. Hisa utanunua siku nyingine, kwa hela ambayo hata ikipotea utalala.

Nisalimie shangazi, wifi na watoto, na mama yangu wa ubatizo kule Mkula.

Na kama umeshatia dole gumba kwenye karatasi za mauzo, mama, usinifiche. Niambie mapema, nianze kujizoeza kupita pale kama mpita njia.

Binti yako,
Yusta