Miwani ya Mama

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Bati la jikoni tumelibadilisha, paka kazaa tena kwenye kabati la vitabu, na Mama bado anasahihisha hesabu za wajukuu kwa kalamu nyekundu kana kwamba hajastaafu ualimu.

Sasa nikwambie ukweli, maana umenichosha. Mablanketi uliyotuma yamefika, pamoja na barua yako ya kuuliza kama Mama anakula. Eti umeiona picha yake kwenye maonyesho huko ugenini, ameketi kwenye kigizagiza, miguu mitupu, anaukodolea macho ukuta. Machozi yakakutoka!

Ile ni stoo, wewe! Stoo ya viti vibovu. Mpiga picha alimkuta Mama sebuleni anasoma gazeti, akasema hapo picha haitavutia. Akamhamishia stoo, akamwambia avue viatu na miwani. Mama akakubali, mgeni ni mgeni, na bila miwani haoni hata kiganja chake. Huzuni yote uliyoililia ni mama wa watu anatafuta kamera iko upande gani.

Yule simlaumu sana, alikaa nusu saa tu. Wewe umekulia humu. Viti viwili kati ya vile ulivivunja mwenyewe.

Nilimsomea Mama barua yako. Akaninyang'anya, akavaa miwani, akairudia mwenyewe mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Hii kaandika mwanangu, au yule mpiga picha?"

Nimjibu nini?

Dada yako