Kigoda cha Bibi

Kaka Wesonga,

Msalimie Annet na watoto. Baridi ya huku nimeizoea.

Leo chuo kilitupeleka kwenye nyumba ya mshairi mmoja wa zamani. Kiti chake kimezungushiwa kamba, hakiguswi. Mlinzi akaniuliza kama kwetu kuna nyumba kama ile. Nikamjibu ipo Majanji, ya bibi yangu, na wavuvi walikuwa wakijaa uani kusikiliza hadithi zake.

Kisha nikakaa bustanini, nikafungua picha uliyonitumia. Umeibomoa ujenge vyumba vya kupangisha, kabla hata hatujaanua matanga. Hukuniuliza. Umenifanya mwongo.

Msingi wako sitaki kuuona. Nitumie kigoda alichokalia akisimulia. Kama nacho mmekipikia chai, usinijibu.

Mdogo wako,
Juliet