Kopo la Mama Yako

Kwako Kasuku wangu,

Pokea salamu zetu, wewe na mumeo, na huyo mgeni aliye tumboni ambaye bado hajui kusalimia. Huku tu wazima wa kuungaunga: mama yako anatembea, mimi natikisika. Usicheke mwandiko. Si kuku aliyekanyaga wino, ni baba yako.

Mkono ulianza kunigomea mwaka jana. Nikishika skrubu ya saa kwa kibano, inaruka na kupotelea sakafuni, nami naisaka kwa magoti kama mtu anayeungama. Mshona viatu, jirani yangu wa kibandani, akatangaza kwamba nimerudia chupa. Nikamwambia laiti ingekuwa kweli, walau ningekuwa nimeifaidi. Usingizi nao ukanikimbia, mdomo ukawa na ladha ya msumari, na hasira zikaja zisizo na mwenyewe. Nilimfokea mteja kwa kuniuliza saa ngapi, na mimi fundi saa!

Mama yako akanikokota hadi zahanati. Daktari, binti wa rika lako, akachukua mkojo wangu, na majibu yakaja baada ya wiki mbili. Akasema mwilini mwangu mna zebaki, ile fedha ya majimaji ya kwenye vipimajoto vya zamani. Akauliza naishika wapi. Nikasema saa zangu hazina. Akauliza nani nyumbani anapaka krimu ya kung'arisha ngozi. Nikacheka, nikamwambia mimi nilishamaliza uzuri wangu zamani. Halafu kicheko kikanikauka.

Mwanangu, kwa miaka mitatu, kila jioni mama yako akitoka kuoga, mimi ndiye ninayemsugua mgongo kwa krimu ya yale makopo unayomtumia. Mikono yake haifiki katikati. Naipaka kwa viganja vitupu, na sikosi kunawa, ila nanawa nikishakula. Daktari akasema sumu hiyo inapenya ngozi ya anayepakwa na ya anayepaka, ikashambulia figo na mishipa ya fahamu. Mama yako akapimwa naye. Figo zake zimeanza kuchoka. Kumbe ile miguu inayovimba tulikuwa tunavisingizia viatu bure.

Nilipomwomba alitupe kopo nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alinirudishia maneno yangu mwenyewe ya siku ile ya picha, polepole, hakuacha hata moja.

Sasa nikwambie nililolificha. Ulikuwa na miaka sita. Tulikwenda watatu kupiga picha, mama yako kavaa gauni jeupe alilolishona mwenyewe. Mpiga picha akalalamika mwanga ni mdogo. Mimi, mdomo wangu huu usio na breki, nikamwambia amwombe mke wangu acheke, la sivyo picha itatoka gauni tupu. Mpiga picha alicheka mpaka akashika ukuta. Wewe ukalibeba neno hilo, kasuku wewe, ukalizungusha uani wiki nzima. Mama yako alicheka pia, ila picha hiyo hakuitundika kamwe. Kopo la kwanza aliliingiza ndani mwezi uleule. Nililiona, nikanyamaza, nikajiambia wanawake na mapambo yao. Na ulipopata mshahara wa kwanza, zawadi uliyomchagulia ilikuwa kopo kubwa zaidi. Sikulaumu. Hesabu hiyo niliianza mimi.

Picha uliyotuma juzi nimeitazama kwa ile lenzi yangu ya jicho. Uso umeshatangulia mbele kwa weupe, masikio na vifundo vya vidole bado viko njiani. Daktari anasema zebaki haibishi hodi, inapita kwa mama hadi kwa mtoto wa tumboni. Basi nakuomba, nami si mzoefu wa kuomba: usijipake tena, nenda ukapimwe, na kopo mpe daktari, usimgawie rafiki. Makopo ya huku nimeyapeleka mwenyewe.

Mama yako nilimwomba radhi. Jioni alitoka kuoga, akanipa mafuta ya mgando, akanigeuzia mgongo, akasema nisiruke pale katikati.

Msalimie mkwe wangu. Huyo mgeni akija na rangi ya bibi yake, mpige picha palepale penye mwanga, uniletee. Ukuta nimeshaugongea misumari miwili. Ule mwingine ni wa gauni jeupe.

Ni mimi baba yako,
Fundi Saa, mdomo mrefu, mkono mfupi